Nnauye, Nkavandame, Kibiriti: majina ya babu zetu yanatamkwaje, na kwa nini watoto wachache wanaitwa hivyo leo?

Mwalimu mgeni akifika shule ya huku Kusini na kuanza kuita majina ya darasani, mambo huenda vizuri mpaka afike kwenye jina linaloanza na herufi mbili za N. Hapo husimama kidogo, kisha husoma "Nauye", au "Mnauye", au "Ninauye". Watoto hucheka. Mwenye jina huitika tu, maana ameshazoea.

Sisi watangazaji nasi si wasafi katika jambo hili. Msikilizaji wa Newala au Tandahimba amesikia mara nyingi redioni jina la mtu wa kwao likisomwa kwa namna ambayo mwenyewe asingegeuka akiitwa barabarani. Makala haya yanaeleza jinsi majina hayo ya kiume yanavyotamkwa, yanakotoka, kwa nini yamekuwa adimu, na kwa nini herufi moja iliyokosewa inaweza kukupa shida benki, kwenye AMCOS au mahakamani.

Kwa ufupi:

- Herufi N ya kwanza katika majina haya ni silabi kamili. Inatamkwa peke yake, kama N ya kwanza katika neno "nne".
- Majina haya hayajafa. Yamehama kutoka jina la kwanza kwenda jina la tatu, na jina la tatu ndilo linalodondoka kizazi kinachofuata.
- Jina likiandikwa tofauti kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na kitambulisho cha taifa, mwenye jina ndiye anayelazimika kuthibitisha kuwa yeye ni mtu mmoja.

Ukiweza kuhesabu mpaka nne, unaweza kulitamka

Chukua jina Nnauye. Watanzania wengi wanalijua kwa sababu ya viongozi wawili, baba na mwana: marehemu Brigedia Moses Nnauye na Nape Nnauye, aliyeingia bungeni kwa jimbo la Mtama mkoani Lindi mwaka 2015. Mwezi Desemba mwaka huohuo Nape akawa waziri mwenye dhamana ya habari, na watangazaji wa nchi nzima wakawa wanalitaja jina hilo kila siku. Wengi walisema "Nauye". Walikosa silabi moja.

Jina hilo lina silabi nne: N-na-u-ye. Silabi ya kwanza ni N peke yake, haina irabu. Unaikaza puani kwa muda mfupi, kisha unaendelea na "na". Usiiongezee irabu mbele ikawa "Inauye", wala katikati ikawa "Ninauye". Usiimeze pia.

Kama unaona ni vigumu, hesabu: moja, mbili, tatu, nne. Neno "nne" ni N-ne. Hakuna Mswahili anayesema "ne" akimaanisha idadi ya mbuzi wake. Vivyo hivyo tunasema n-chi na n-ta, ile nta ya nyuki. Na kila wikiendi mashabiki wa mpira wanataja Uwanja wa Mkapa bila shida yoyote: M-ka-pa. M ile inasimama peke yake kama N ya Nnauye inavyosimama. Kwa hiyo midomo yetu inaliweza jambo hili tangu utotoni. Kinachotutisha ni macho, yanapoona herufi mbili zinazofanana zimekaa pamoja mwanzoni mwa jina.

Jina la mchoraji Robino Ntila, mmoja wa wasanii wa Kusini waliofanya kazi Nyumba ya Sanaa Dar es Salaam, linafuata njia hiyohiyo: N-ti-la, kama unavyosema n-ta.

Majina yanayoanza na Nk yana jambo moja la ziada. N hiyo haitoki kwenye ncha ya ulimi. Inatoka nyuma ya mdomo, kama N iliyo katikati ya neno "benki". Sema "benki" polepole, simama kwenye ile N, kisha anzia hapo: N-ka-va-nda-me.

Mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo katika Kiswahili. Ila wazee wanaozungumza Chimakonde huivuta silabi hiyo kuliko sisi, ikawa kama "Nkavandaame". Tena Chimakonde ni lugha ya toni: sauti inapanda na kushuka ndani ya neno, jambo ambalo Kiswahili hakina na ambalo alfabeti yetu haina alama yake. Ndiyo maana njia bora ya kujifunza jina la mtu inabaki kuwa kumwomba mwenyewe alitaje, nawe ulirudie mbele yake.

N hiyo inatoka wapi?

Katika Kiswahili tunasema mtu, mkulima, mlezi. Kiambishi "m" ndicho kinachoonyesha kwamba tunazungumzia mtu mmoja. Zamani kiambishi hicho kilikuwa "mu", na lugha nyingi za Kibantu bado zinakitumia hivyo.

Katika Chimakonde, "mu" ikipoteza irabu yake, sauti ya puani inayobaki hujifananisha na herufi inayofuata. Ikikutana na K, inakuwa N ya nyuma: mzee au kiongozi, ambaye kwenye maandishi ya Kiswahili huitwa mkulungwa, kwa Chimakonde ni nkulungwa. Ikikutana na L, zote mbili hugeuka zikawa NN. Wayao wanamwita Mwenyezi Mungu "Mulungu". Wamakonde wanasema "Nnungu". Ni neno lilelile, isipokuwa "mu" na "l" zimeshikana. Mwanamume naye ni "nnume".

Kwa hiyo N hizi mbili si pambo, na si kosa la mtu asiyejua kuandika. Ni sehemu ya neno. Ukiitoa N moja katika "nne" unabaki na "ne", ambalo si neno, na jina nalo liko vivyo hivyo.

Kosa la makarani lina historia. Kiswahili sanifu tunachoandika kilipangwa kuanzia mwaka 1930, ilipoundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliyochukua Kiunguja, Kiswahili cha mjini Zanzibar, kuwa msingi. Karani aliyefundishwa kuandika mkulima na mlezi, akimsikia mzee akisema "Nkulungwa", mkono wake huandika "Mkulungwa". Anaamini amemsaidia mzee kusahihisha. Kwa kweli ametafsiri jina la mtu bila ruhusa yake. Hata jina la lugha yenyewe limepitia mkono huo: wenyewe wanasema Chimakonde, karani anaandika Kimakonde.

Mto mmoja, tahajia mbili

Mambo yanazidi ukivuka mto. Upande huu tunaandika Ruvuma, upande wa Msumbiji wanaandika Rovuma. Wamakonde wako pande zote mbili, wetu kwenye uwanda wa juu wa Newala na Tandahimba, na wenzao kwenye uwanda wa juu wa Mueda. Kwa miaka mingi watu walivuka kuja Tanganyika kufanya kazi, hasa kwenye mashamba ya mkonge, na wengi wakazaa na kubaki huku. Ndugu wa tumbo moja wakajikuta mmoja anaandikwa na karani wa Kiingereza na mwingine na karani wa Kireno.

Kireno kina tahajia yake. Sauti tunayoiandika "ny" wao huiandika "nh", kama katika mji wa Inhambane. Sauti ya "ki" huandikwa "qui". Na Kireno hakina neno linaloanza na "nk".

Matokeo yake yanaonekana kwenye vitabu vya historia. Tarehe 16 Juni 1960 umati ulikusanyika Mueda kuwasikiliza wawakilishi wawili waliokuwa wametoka Tanganyika kuzungumza na wakuu wa Kireno kwa niaba ya Wamakonde. Wawakilishi hao walikamatwa, umati ukakasirika, na askari wakafyatua risasi. Ndiyo siku inayokumbukwa Msumbiji kama mauaji ya Mueda. Mmoja wa wawakilishi hao alikuwa Faustino Vanomba. Mwenzake, ukisoma maandishi ya Kiingereza, utakuta anaitwa Kibiriti Diwane. Ukisoma ya Kireno ni Quibirite Divane. Msomaji wa Newala anayejua Kiswahili anaelewa mara moja kwamba jina la mtu huyo ni kibiriti, kile cha kuwashia moto. Kwenye tahajia ya Kireno maana hiyo imefichika kabisa.

Yuko pia Lázaro Nkavandame, aliyeongoza ushirika wa wakulima wa pamba huko Mueda mwishoni mwa miaka ya 1950, kisha akawa kiongozi wa FRELIMO katika mkoa wa Cabo Delgado kabla ya kutofautiana na chama chake. Vitabu vingine vinamwandika Nkavandame, vingine Kavandame. Mwanafunzi anayetafuta habari zake kwa tahajia moja anaweza kuzikosa zilizo kwenye nyingine. Kama mtu aliyeandikwa kwenye historia ya nchi amepotea hivyo kwa herufi moja, mkulima wa kawaida ana hali gani?

Kwa nini majina haya yamekuwa adimu?

Zamani mvulana hakukaa na jina moja maisha yake yote. Kwa Wamakonde, na pia kwa jirani zao Wayao na Wamakua, mtoto alipewa jina la utotoni, kisha akaenda jandoni. Akitoka huko alitoka na jina jipya, na jina la zamani liliachwa. Kumwita mtu mzima kwa jina lake la utoto ilikuwa kumvunjia heshima. Jina jipya lingeweza kuwa la babu, la mjomba, la kitu au la tukio. Kwa watu wanaohesabu ukoo kupitia kwa mama, upande wa mjomba ulikuwa na sauti kubwa.

Kisha dini zikaingia kwa nguvu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kiingereza alileta Masasi kundi la watu waliokombolewa kutoka utumwani na kuanzisha makazi pale. Mwaka 1906 watawa Wabenediktini walianzisha kituo cha Ndanda. Ubatizo ukaleta akina Benjamin, George na Moses. Uislamu, uliokuwapo pwani ya Mikindani tangu zamani, ulienea bara kwa kasi katika karne ya 20 na kuleta akina Hamisi, Rajabu na Issa. Jando lenyewe halikukoma, na mpaka leo watoto wengi wanaingia wakati wa likizo za shule. Lakini jina la jandoni halikuandikwa popote. Daftari la shule lilitaka jina la ubatizo au la Kiislamu.

Jina la asili halikutupwa siku hiyo. Lilisukumwa nyuma. Tazama majina kamili ya watu wanaojulikana. Rais wa Awamu ya Tatu, aliyezaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938, ni Benjamin William Mkapa. Aliyekuwa mbunge wa Mtwara Mjini kuanzia 2015 hadi 2020 ni Maftaha Abdallah Nachuma. Majina mawili ya mbele yanatoka kwenye dini au nje. La tatu ndilo la nyumbani.

Na hapa ndipo penye hatari. Kwa desturi ya Tanzania, mtu huandikwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Familia ambazo zimelishika jina la tatu kuwa jina la ukoo hulihifadhi. Familia zinazofuata mpangilio wa mtoto, baba na babu hulipoteza. Hamisi Saidi Nkulungwa akimzaa Juma, mtoto anakuwa Juma Hamisi Saidi. Nkulungwa ametoka kwenye karatasi. Hakuna aliyelikataa jina wala kulionea aibu. Limefika mwisho wa mstari, nafasi zikaisha.

Herufi moja inavyogharimu

Tuendelee na mfano huohuo wa kubuni. Cheti cha darasa la saba kinasema Hamisi S. Mkulungwa. Kitambulisho cha taifa kinasema Hamisi Saidi Nkulungwa. Benki wameandika Khamis Said Kulungwa. Kwenye daftari la AMCOS yupo Hamisi Saidi tu.

Zamani haikuwa shida, kwa sababu karani wa chama alimjua kwa sura. Lakini tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza Mtwara mwaka 2007, malipo ya korosho yamezidi kutegemea kumbukumbu za maandishi, na leo fedha huingia kwenye akaunti ya benki. Kompyuta haimjui Hamisi kwa sura. Ikiona Nkulungwa na Kulungwa, inaona watu wawili.

Shida kubwa zaidi huja kwenye msiba. Mzee Saidi akifariki akiwa na shamba la mikorosho, watoto wanakwenda Mahakama ya Mwanzo na muhtasari wa kikao cha ukoo kuomba usimamizi wa mirathi. Jina la marehemu kwenye hati likitofautiana na jina la baba kwenye cheti cha mtoto, yeyote anayetaka kupinga amepata pa kushika. Kesi inaahirishwa, nauli za kwenda mjini zinaongezeka, na ndugu wanaanza kutazamana vibaya, wakati tofauti yenyewe ni M na N.

Tatizo hili haliko kwa majina ya Chimakonde peke yake. Saidi na Said, Hamisi na Khamis, Yohana na John yanaleta usumbufu uleule. Ila majina yenye Nn na Nk yanakosewa zaidi, kwa sababu anayeandika huwa na uhakika kwamba anasahihisha.

Ukitaka kumpa mwanao jina la babu

1. Mwulize mzee mwenyewe, au wanaolikumbuka jina hilo, linavyotamkwa. Lirekodi kwa simu. Sauti itabaki hata mzee akiondoka.

2. Kubalianeni nyumbani tahajia moja kabla ya kwenda kuandikisha. Liandikeni kwenye karatasi kwa herufi kubwa, mmpe karani akopoe. Msimtajie kwa mdomo tu.

3. Mwandikishe mtoto mapema. Sheria inataka kizazi kiandikishwe ndani ya siku 90. Chini ya mpango wa RITA, mtoto wa chini ya miaka mitano hupata cheti bila malipo kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata.

4. Soma cheti herufi kwa herufi kabla ya kuondoka dirishani. Kama wewe husomi vizuri, nenda na anayesoma. Kosa linalorekebishwa siku hiyohiyo ni kazi ya dakika chache.

5. Mtoto akianza shule, peleka nakala ya cheti, na uhakikishe jina limefuata cheti. Hakikisha tena kabla hajasajiliwa kwa mtihani wa taifa, maana cheti cha mtihani kikishatoka marekebisho huwa magumu.

6. Unaweza kuliweka jina la babu mbele kabisa. Hakuna sheria ya nchi inayosema jina la kwanza lazima liwe la ubatizo au la Kiislamu. Mtoto anaweza kuitwa Nkulungwa Juma Hamisi, na nyumba ya ibada ikampa jina lake bila kulifuta lile.

Maswali yanayoulizwa sana

Jina langu limeshaandikwa kwa namna mbili. Nifanye nini?
Kwanza amua ni tahajia ipi utakayoishi nayo. Mara nyingi inafaa kuchagua iliyo kwenye kitambulisho cha taifa, kwa sababu namba ya NIDA yenye tarakimu 20 ndiyo inayoulizwa kila mahali. Kisha nenda kwa wakili au mahakamani ule kiapo kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Kama unataka kubadili jina lenyewe, unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Uliza kwanza ofisi inayokudai inataka ipi kati ya hizo, usije ukalipia isiyokubalika.

Je, kuandika "Mn" badala ya "Nn" ni kosa?
Kama mwenye jina ndivyo anavyojiandika, si kosa. Ziko familia zimeandika M kwa vizazi viwili na hilo sasa ndilo jina lao. Kosa ni mtu mwingine kumbadilishia.

Mtoto hatachekwa shuleni?
Huenda akachekwa wiki ya kwanza. Mwalimu akilitamka sawasawa siku ya kwanza, kicheko huisha mapema. Kwa hiyo mzazi, ukimpeleka mtoto kuandikishwa, mtajie mwalimu jina hilo mara mbili, polepole: kama nne.

Na wewe unayeitwa jina la namna hii, ukisikia tumelikosea hapa redioni, tuma ujumbe au piga simu wakati wa kipindi. Tutalirudia hewani mpaka tulipate.